Mama Mkwe Aliona Damu, Nami Nikashindwa Kutaja Bawasiri

Asalam aleykum, na hamjambo wote. Admin, nakuomba ufiche jina langu na mtaa wangu. Garissa ni ndogo, na jamaa za marehemu mume wangu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne. Nina mabinti wawili na nauza nguo sokoni. Mume wangu alifariki mwaka jana, lori lilipopinduka akirudi na mizigo ya duka kutoka kijijini kwao Diff. Ninachotaka kusema sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani ila yeye. Nina bawasiri. Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Ilianza nilipojifungua mtoto wa pili. Kila nikienda chooni, damu. Nilimficha mume wangu mpaka akagundua mwenyewe. Hakucheka. Alileta beseni la bluu kutoka dukani, na kila jioni alinichemshia maji, akatia chumvi, akapima joto kwa kiwiko kama tunavyopima maji ya mtoto mchanga. Kisha alikaa nje ya mlango kunilinda. Watoto wakiuliza niko wapi, aliwaambia, "Hooyo anaosha miguu," yaani mama yao. Mimi nikiona aibu alisema, "Hata ngamia akipata kidonda anapakwa dawa. Umeona nani akimcheka?"

Alipofariki nikawa nachemsha maji mwenyewe. Damu ilizidi. Siku moja kizunguzungu kilinishika mbele ya wateja nikaanguka juu ya nguo. Ndipo nikajikaza kwenda hospitali. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Diff kukaa na wajukuu, akaniuliza naenda wapi. Nilimwambia naenda kung'oa jino.

Daktari alikuwa kijana wa kiume kutoka bara. Nilipomwona nikashika buibui yangu nitoke. Nesi, mama mnene mwenye maneno, akanizuia mlangoni. "Mama, rudi. Kitanda hicho wamelala hata wakubwa wa magari ya bendera, na walilia kukushinda."

Yule kijana alikuwa na adabu. Alinionyesha vifaa kabla ya kuvitumia. Kulikuwa na kibomba kifupi chenye mwanga, unene wa kidole gumba, cha kuchungulia ndani. Kingine kilikuwa cha chuma, kina mpini mrefu, na kwenye ncha yake amevisha kipira cheusi kidogo kuliko kifungo cha shati. Akaniambia, "Hiki kinavuta kile kinyama kinachotoa damu, halafu kipira kinaruka na kukibana shingoni. Damu haikifikii tena. Baada ya siku kadhaa kitakauka na kuanguka chenyewe." Nikakumbuka vitovu vya binti zangu, jinsi mkunga alivyovifunga na vikadondoka. Hofu ikapungua. Nililia, lakini si kwa maumivu. Nililia kwa kuwa nje ya mlango ule hakukuwa na mtu amekaa.

Alinionya nisibebe vitu vizito, ninywe maji mengi na kula papai. Kipira kikidondoka naweza kuona damu kidogo, ikiwa nyingi nirudi mbio. Tena alisema vimebaki vinyama viwili, nirudi baada ya wiki chache avifunge.

Nyumbani nikaacha kubeba mitungi ya maji. Nikawa nalala kwa ubavu. Nikala papai asubuhi na jioni. Mama mkwe aliniangalia tu. Jioni moja nikiwa ndani ya beseni nilihisi kitu kimeachia, na maji yakawa mekundu. Nilipotoka nikiwa nimelishika beseni, nilimkuta amesimama mlangoni. Alitazama maji, akanitazama tumboni.

"Ulisema jino," akaniambia.

Binti yangu mdogo akamdakia bibi yake kunisaidia. "Ayeyo, hooyo anaosha miguu tu. Aabo ndiye alituambia." Baba yake, yaani.

"Miguu gani inayotoa damu?" Kisha akashusha sauti. "Mwanangu ana zaidi ya mwaka kaburini. Hiyo mimba uliyoitoa ilikuwa ya nani?"

Wallahi, hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Nilifungua mdomo, likakwama. Nikasema, "Hooyo, si hivyo."

"Basi ni nini?"

Nikatazama sakafu. Yeye akachukua kimya changu kuwa jibu.

Sasa shemeji yangu anakuja na wazee Ijumaa baada ya swala. Amepiga simu kwamba watoto wa ndugu yake hawatalelewa katika nyumba ya aibu, watachukuliwa kwenda Diff. Na daktari ananisubiri wiki hiyo hiyo. Nikionekana hospitali tena, watasema nimekwenda kumalizia.

Nikisema, nitasema vipi mbele ya wanaume ambao siwezi hata kuwatazama usoni? Nitasema nililala mbele ya kijana wa watu, akachungulia kwa kibomba? Na wakiuliza nani alijua, nimwambie mama kwamba mwanawe, aliyemlea awe mwanaume wa kuheshimiwa, ndiye alikuwa akinichemshia maji ya kukalia? Naogopa atamwonea aibu hata huko alikolala. Nikinyamaza, mimi ni mzinzi na watoto wanaondoka.

Jana nilirudi nyumbani kutoka sokoni nikamkuta mama mkwe akiwanywesha mbuzi kwa beseni lile la bluu. Nilisimama nikitazama wanavyolisukuma kwa vichwa. Nilitaka kumwambia, hooyo, hilo alilinunua mwanao, na kiwiko chake kiliingia humo kila jioni. Sikuweza hata hilo.

Ndugu zangu, nimebeba aibu mbili na siwezi kufika Ijumaa nazo zote. Niambieni niitue ipi. Nifanye nini?