Siku Watu Wangu Walipokuwa Zamu

Nikipita Dilala karibu na ile sale kubwa, ukumbi wa parokia, macho yangu yanakwenda yenyewe kwenye ukuta wa kushoto. Pale ndipo niliposimama siku nilipogombea ukatibu wa chama cha wauguzi wa mji wetu, Kolwezi.

Hatukupiga kura kwa karatasi. Wagombea walisimama ukutani, wapigakura wakajipanga nyuma ya wanayemtaka, kisha mistari ikahesabiwa.

Mi nilikuwa muuguzi mdogo, wa masomo mafupi. Mikutanoni mi na wenzangu wa aina yangu tulikaa nyuma na kupiga makofi tu. Niliota mmoja wetu ashike kalamu pale mbele, aandike na maneno yetu. Kwetu maternite, wodi ya kuzalia, watano waliniahidi, na tayari walikuwa wananiita Katibu kila nikibeba beseni.

Mama yangu, aliyefagia hospitali miaka mingi kabla ya kurudi Lubudi kulima, alikuja amejifunga kikwembe kipya. Hakuwa muuguzi, lakini nani angemtoa? Alikaa nyuma kabisa, mkoba magotini.

Mpinzani wangu alikuwa mama mmoja muuguzi mkubwa, yule yule aliyenifundisha kuchoma sindano.

"Weye siku ile ulikuwa unatetemeka kuliko mugonjwa," akaniambia pale ukutani. "Na leo?"

"Na leo, mama."

Tukacheka wote wawili.

Watu wakaanza kujipanga. Nikawatafuta wale watano wangu, sikuona hata mmoja. Ndipo nikakumbuka: karatasi ya zamu ya maternite niliiandika mi mwenyewe. Kila mmoja alinijia peke yake, huyu ana kwaya, yule ana ubatizo wa mtoto wa dada yake, wote hawataki Jumapili. Sijui kukataa. Nikawaweka wote Jumamosi, nikifikiria kwaya na ubatizo, kura haikunijia kichwani. Na leo ilikuwa Jumamosi.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mmoja wao.

"Katibu, tukuye kusimama nyuma yako? Na pikipiki ya taksi-moto ni dakika kumi. Kuko mama mumoja wa Kasulo anataka kuzaa, lakini bado bado. Atangoja."

Nilitazama mistari. Nilipungukiwa watu watatu. Kule nyuma mama yangu alikuwa anahesabu kwa midomo.

"Musitoke," nikasema.

"Utaanguka."

"Niko najua. Mubaki na ule mama."

Nikaanguka kwa watatu wale wale. Yule muuguzi mkubwa alinishika mkono muda mrefu. Mama yangu alijifunga kikwembe upya, akasema, "Mustari yako ilikuwa yenye kunyooka," kisha akataka tupite wodini.

Tulikuta mtoto ameshazaliwa, msichana, amefungwa kitambaa cha njano. Wale watano hawakuweza kunitazama. Mama yangu akanawa mikono, akampokea mtoto, akakaa naye dirishani na kikwembe chake kipya kama vile alikuja Kolwezi kwa ajili hiyo tu. Mmoja akanong'ona, "Katibu amefika," wakaanza kucheka, nikacheka nao mpaka machozi.

Sasa wametawanyika, wawili tu wamebaki nami maternite, na karatasi ya zamu bado naiandika mi. Jina la Katibu halikutawanyika. Juzi mmoja alinipigia kutoka mbali, hata salamu hakutoa kwanza.

"Katibu, Jumapili umeweka nani zamu?"

"Mi mwenyewe," nikamwambia.