Uvimbe wa Mama Apio Uliopekuliwa Mpakani

Benedeta ndiye aliyeanza. Alikuwa mlangoni kwake anachambua dagaa, akaniita kwa kidole nikitoka kisimani na mtoto wangu Shallon mgongoni, akaniuliza kama najua mwenye nyumba wangu anabeba nini pajani.

"Anabeba nini?"

"Unalala ndani ya boma lake na hujui! Mafuta ya kujichubua, Mama Shallon. Makopo kwa makopo, amefunga na kitambaa chini ya lile gauni lake refu la gomesi. Kwani huoni anavyotembea siku hizi? Mguu mmoja umefika Kenya, mwingine bado unaaga Uganda."

Nilicheka, maana ndivyo Mama Apio alivyokuwa akitembea. Lakini nilijua hakuna kopo lolote. Mimi ndiye niliyekuwa nampaka mafuta ya moto jioni, nikauona uvimbe ukipanda kwenye paja la kulia, upande wa ndani. Nilimwambia Benedeta ni ugonjwa. Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akaendelea na dagaa zake.

Mama Apio ni mzaliwa wa Kirewa, akaolewa Petta, na mumewe mzee Obbo alipofariki akahamia huku Dabani, karibu na mpaka wa Kenya. Hana makuu. Ananunua karanga na ufuta kwa wakulima wa Petta anaowafahamu tangu ujana wake, anakaanga, anasaga, anafunga kwenye ndoo zenye vifuniko na kuzivusha hadi sokoni upande wa Kenya. Akirudi ana sabuni na unga wa ngano. Mimi nilikuja kupanga chumba kwake nikiwa na mimba ya miezi saba, mume wangu yuko na malori ya mahindi, haonekani. Nilipojifungua ni Mama Apio aliyemwogesha mtoto siku kumi na nne mfululizo. Siku ya kumi na tano akaniambia, "Haya, sasa ni wako." Kisha akaendelea kumwogesha.

Mikononi ana vinundu vidogo laini. Ukibonyeza kimoja kinakimbia chini ya kidole, kama karanga ndani ya ganda kubwa. Baba yake alikuwa navyo, shangazi zake pia. Kwao wanavihesabu kuwa alama ya ukoo. "Mtoto wa kwetu asipokuwa navyo," husema, "tunakaa na mama yake, tunamuuliza vizuri." Vitatu vilikuwa vinamsumbua kwa kuguswa na kamba za ndoo, akakatwa na musawo Emoit, tabibu mwenye kiliniki karibu na stendi. Nilikuwepo alipotolewa kimoja. Kilitoka cha njano, kama mafuta ya kuku, na kidonda kikapona ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo uvimbe wa pajani ulipoanza, hakuna aliyetishika. Mama Apio mwenyewe aliuita kaka mkubwa wa wale wa mkononi. Emoit aliubonyeza, akasema huu ni mkubwa kidogo lakini ni mafuta, mama, njoo Ijumaa nikufungue, utarudi nyumbani kwa miguu yako. Tukapanga Ijumaa. Nilikwisha kufua hata kitenge cha kumfunika.

Jumanne tukavuka na karanga. Kurudi, pale kwenye foleni, afisa mmoja mwanaume akanong'onezwa kitu na mwenzake, akamtazama Mama Apio tangu kichwani hadi kwenye kandambili. Nikajua maneno ya Benedeta yametutangulia. Tukapelekwa mimi na yeye, mtoto wangu akiwa mgongoni, kwenye kile chumba cha kupekulia wanawake.

Humo ndimo alimokuwa Roselyn. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye kucha fupi sana. Kazi yake ni kushika wanawake wenzake kutwa nzima: kiunoni, mgongoni, chini ya matiti, mapajani. Amekuta simu, amekuta vitenge, aliwahi kumkuta bibi mmoja na kuku hai. Mama Apio amepita mikononi mwake miaka mingi.

"Karibu tena mama. Wanasema leo umeniletea duka."

"Duka liko wazi, mwanangu. Ingia uchague."

Roselyn akacheka, akapiga magoti, akapitisha mikono chini ya gomesi. Kisha akaacha kucheka. Mikono yake ikakaa palepale muda mrefu, ikabonyeza, ikajaribu kusukuma huku na huku. Shallon akaanza kulia na hakuna aliyemnyamazisha, hata mimi.

"Mama, hii kitu nilishika mwaka jana, kabla ya Krismasi," Roselyn akasema. "Ilijaa kiganja kimoja. Nilikuuliza, ukasema ya ukoo."

"Ndiyo. Ya ukoo."

"Nionyeshe ya mkono." Akashika kile cha karibu na kiwiko, kikakimbia. Akarudi pajani. "Hiyo inakimbia. Hii haiendi popote. Mtu akijifunga kitu, mimi najua, kinateleza, kina mwanzo na mwisho. Hii iko chini ya nyama, mama, na kiganja changu kimoja hakitoshi tena. Nani ameiona?"

"Emoit. Ijumaa ananikata."

Roselyn akainuka, akajifuta magoti. "Mimi si musawo. Mimi nashika watu tu. Lakini usimpe mtu kisu kabla hajajua anakata nini. Nenda hospitali ya Tororo wakupime."

Tulipofika nyumbani Mama Apio akalipuka. Kwanza kwa Benedeta, aliyemtangaza mpaka akapekuliwa chini ya nguo kama mwizi. Kisha kwa Roselyn. "Mshika mapaja ananifundisha! Emoit amenikata mara tatu. Nilikufa? Niko kaburini hapa?" Ijumaa ni Ijumaa, akasema, hata mvua inyeshe mawe.

Mimi si mtu wa maneno mengi, na niliishia darasa la saba. Lakini nilikuwa nimeona uso wa Roselyn. Nilikaa nikamenya viazi, na viazi vilipokwisha nikasema, "Mama, Shallon alipokuwa na homa, mimi nilitaka kumpa dawa ya malaria iliyobaki. Ulinipokonya."

"Nilikupokonya, ndiyo. Hakuwa amepimwa damu."

"Ulisema tusipige tusichokijua."

Akanitazama. Akachukua kiazi kimoja kwenye sufuria, akakigeuza, akakirudisha. "Una mdomo mdogo," akasema, "lakini unauma." Ijumaa tulikwenda Tororo.

Daktari aliyetupokea anaitwa Ecodu, kijana mrefu anayesema polepole. Alimshika Mama Apio mikononi kwanza, kinundu baada ya kinundu, kama Roselyn alivyofanya. Hivi, akasema, viko juu juu chini ya ngozi, ni laini, vinasogea, vimekaa miaka bila kukua. Viacheni. Kisha akashika paja. Akamwambia akaze msuli, akabonyeza, akamwambia alegeze, akabonyeza tena. Akapima kwa futi ya karatasi.

"Mama, hii imepita sentimita kumi na mbili. Ikipita tano tu mimi tayari naanza kuuliza maswali. Iko ndani ya msuli, na unasema imekua ndani ya mwaka mmoja. Inauma?"

"Haiumi. Ndiyo maana nilidhani ni nzuri."

"Nyingi zilizo mbaya haziumi."

Mama Apio akanishika mkono. "Basi ni kansa."

"Sijasema hivyo. Nimeona kubwa kuliko hii, ikatoka mafuta matupu, mwenyewe yuko anapalilia mihogo. Mkono wangu hauwezi kuapa, mama. Hata picha peke yake haiapi. Tutapiga skani, kisha picha ya ile mashine kubwa, kisha tutachukua kipande kidogo kwa sindano nene kipelekwe maabara. Hapo ndipo tutajua, na hapo ndipo tutaongea habari ya kisu."

"Kwa nini usikate yote mara moja ukaangalie baadaye?"

Nilifurahi alipouliza, maana hata mimi nilitaka kujua. Daktari akasema kama ni mafuta ya kawaida, unaweza kuyatoa hata kwa vipande, hayana neno. Lakini kama ni ile nyingine, ukiipasua ikiwa bado ndani ya mguu, unakuwa umeimwaga. Itarudi, na safari ya pili huenda mguu wote ukaondoka. Ile inatakiwa kutolewa nzima, na nyama kidogo inayoizunguka, bila kisu kuigusa. Ndiyo sababu mtu lazima ajue kabla.

Picha zilionyesha mafuta. Tulishukuru haraka mno, kwa sababu zilionyesha pia kuta nene ndani ya hayo mafuta, na daktari akasema kuta hizo zinamtia shaka. Sindano ikachomwa. Kipande kikapelekwa Kampala.

Tulisubiri wiki tatu na siku mbili. Mama Apio hakuacha kusaga karanga, ila alisaga kupita kiasi, mpaka wateja wakauliza kwa nini ni laini namna hii. Aliacha kuniita kwa sauti, alikuwa anakuja tu kusimama mlangoni kwangu. Siku moja alimwambia Shallon, ambaye alikuwa bado hajui hata kukaa vizuri, "Ukiniona na mguu mmoja usiogope, eh? Nitakuwa bado naoga mimi na kukuogesha wewe."

Majibu yalikuwa ya katikati. Haikuwa mafuta ya kawaida. Ilikuwa saratani ya mafuta, lakini ile ya taratibu, inayokua mahali ilipo na haijakimbilia kwingine. Daktari Ecodu alisema mambo hayo yote kwa sentensi fupi, akingoja baada ya kila moja. Mama Apio alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa gomesi, akauliza swali moja tu.

"Mguu?"

"Kwa kuwa hakuna aliyeifungua, mguu tunao."

Walimpasua katika hospitali kubwa zaidi, saa nne nzima. Daktari mpasuaji alitoka akatuambia imetoka nzima, kama yai ambalo ganda lake halikupasuka. Maabara ikathibitisha kwamba kingo zote ni safi. Leo ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Ana kovu refu, anatembea na fimbo, na paja la kulia limekuwa jembamba kuliko la kushoto. Anasema hatimaye Mungu amempa paja moja la usichana.

Musawo Emoit alikuja mwenyewe kumwona. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi, hakuinywa. "Mama, mimi ningeifungua," akasema. "Siku ile, hapo mezani kwangu, ningeifungua." Mama Apio akamwambia anywe soda. Namheshimu Emoit kwa kusema vile. Sasa uvimbe ukizidi limau, au ukiwa umezama chini ya nyama, au ukiwa unakua, haugusi, anaandika karatasi ya Tororo.

Na Benedeta alipelekewa jogoo. Mimi ndiye niliyembeba, Mama Apio akinifuata na fimbo yake. Benedeta alipotuona akasimama na kuweka mikono kiunoni.

"Mmekuja kunitukana na kuku?"

"Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini? Mimi nilisema wewe ni mwizi!"

"Ndiyo. Ungenyamaza, Roselyn angenigusagusa tu kiunoni, angeniambia pita. Ni mdomo wako ulionivua nguo. Chukua jogoo, Benedeta, kabla sijabadili mawazo."

Benedeta alichukua. Lakini hakujua aweke wapi uso wake, na tangu hapo ananisalimia kwa heshima kana kwamba mimi ndiye niliyepasuliwa.

Roselyn, wa kushukuriwa zaidi, tulimwekea karanga ndoo nzima. Wiki iliyopita tulikwenda mpakani kumpelekea. Tukamkuta kwenye chumba kile msichana mgeni, mwembamba, mwenye glavu mpya. Roselyn amehamishwa, akasema. Amepelekwa mpaka mwingine, mbali, yapata wiki mbili sasa. Hakujua namba yake. Tuliiacha ndoo pale, msichana akaahidi kuituma na mtu wa kwenda huko, na ninaamini ataituma.

Mama Apio hakununua sabuni wala unga siku hiyo. Alitembea taratibu hadi nyumbani, akaketi kitandani kwake, akanyoosha mguu. Daktari amesema kila miezi sita atapigwa picha, kwa sababu kitu kile kina tabia ya kurudi, hata baada ya miaka. Katikati ya picha na picha, mtu awe anaushika mguu huo, aone kama kuna kinachoota tena.

"Mimi mwenyewe nikijishika naogopa," akasema. "Naona kila kitu ni yenyewe. Roselyn alikuwa na mikono inayokumbuka. Sasa nani?"

Alikunja gomesi hadi juu ya kovu, akasogea kunipa nafasi.

"Mlaze mtoto, unawe mikono, uje. Anza na hiki cha kiwiko ujue kinavyokimbia, kisha ushuke hapa, ubonyeze pole pole mpaka mwisho wa mshono. Kila mwezi, mwanangu. Na ukikuta kitu kisichokimbia, usinifiche."