Pole Aliyonipa Biubwa

Mnamwona yule Bernice anayepita hapa Turffontein na mumewe Desmond, nywele kazimwaga mabegani? Bernice kitu gani! Yule ni Biubwa binti Mselem wa Tanga, mama zetu tumbo moja. Nimemwogesha kwa mikono yangu.

Baba yake Mwarabu, Mshihiri, basi akatoka mweupe, nywele za singa. Mama yake, mama mkubwa wangu Bi Mayasa, mweusi tii. Tulipofika Johannesburg mimi nikaanza kuuza maandazi, yeye watu wakamdhania kaladi, chotara wa huku huku. Hakuwakatalia. Mwaka wenyeji walipopita wakiwasaka wageni mlango kwa mlango, mimi nilijificha bafuni kwa jirani, yeye akapita katikati yao na mkoba wake. Toka hapo akawa Bernice wa Durban. Desmond kamwoa hivyo, kaambiwa mama mkwe alishakufa zamani. Na Bi Mayasa wakati huo yuko Tanga, mzima, anapepeta mchele!

Kila Jumamosi alikuja mezani kwangu kununua maandazi, Kiingereza kimemjaa mdomoni. Wateja wakiondoka, ananong'ona: "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anataka kusikia sauti yako tu, Biubwa."

"Nitampigia, Shufaa. Wiki ijayo."

Hapigi. Aliniambia akisikia sauti ya mamake hataweza tena kurudi kuwa Bernice. Namsonya, halafu namwongezea andazi moja, maana namkosa jamani, namkosa yuko mbele yangu. Nani mwingine huku nitacheka naye ya utotoni?

Mwezi uliopita Bi Mayasa akafariki. Nikampigia Biubwa, nikamwambia, nikasikia simu imekatika. Nikatandika mikeka, wanawake wa kwetu wakaja kukaa matanga. Mfiwa hujitanda kanga akakaa pembeni, kila aingiaye humpa mkono na pole. Nilikaa mimi pale, kwa kuwa mtoto wa tumboni hayupo. Nikaapa: akikanyaga hapa, namwita jina lake mbele ya watu wote.

Akaja. Desmond nyuma yake, maskini, mtu mstaarabu. Alimkuta mkewe analia jikoni, akaambiwa muuza maandazi kafiwa, akaona asimwache aje peke yake.

Biubwa akavua viatu mlangoni, akapita kwenye mikeka, akapiga magoti mbele yangu. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba anasikitika kwa msiba wangu. Msiba wangu! Mamake mzazi, ananipa pole mimi! Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Jina lake nilikuwa nalo ulimini, wallahi. Nikamtazama Desmond, kashika kofia yake mlangoni, anasubiri. Nikamtazama yeye, na macho ni ya Bi Mayasa yaleyale. Nikashindwa.

"Pole, mdogo wangu," nikamwambia kwa Kiswahili, polepole. "Alikutaja mpaka mwisho."

Hakulia. Aliniminya vidole mpaka vikauma, akainuka. Wanawake wanaomjua wakatazama mikeka.

Alikuwa anavaa viatu, vinamshinda, Desmond alipoinama kumsaidia, akamwuliza yule mama kasema nini.

"Anatushukuru kwa kuja," akamjibu.