Mama Glasi na Pombe ya Uongo

Dada yangu aliajiriwa chuoni kwa sababu ya uso wake. Mwenyewe alikuwa akisema ni kwa sababu ya mikono, maana alifanya kazi kaunta ya hoteli tangu ujana na hakuwa mtu wa kumwaga hata tone. Lakini mimi namjua tangu tunagombania shuka, na nakwambia ni uso. Dada yangu anaweza kukudanganya huku anakutazama machoni, na wewe ukamshukuru.

Kazi yenyewe ilikuwa idara ya saikolojia, ghorofa ya pili, katika chumba kilichopambwa kifanane na baa. Kulikuwa na kaunta ya mbao, makochi mawili mekundu, taa hafifu, na pazia zito dirishani ili mtu asahau kwamba nje ni saa nne asubuhi. Watafiti walitaka kujua pombe inamfanya nini mwanaume linapokuja suala la ngono na suala la hasira. Je, akilewa anachelewa kutambua kwamba mwanamke hataki? Je, mkono unakuwa mwepesi? Nilimwambia dada kwamba wangeniuliza mimi, ningewajibu hapo hapo mlangoni, tena bure.

"Wewe ungewajibu kuhusu mume wako," alisema. "Wao wanataka kujua kuhusu wanaume."

"Kwani mume wangu ni nini?"

"Hilo ndilo linalohitaji utafiti," alisema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Wanaume walikuja kwa hiari yao, watu wazima wote, wakapimwa uzito kisha wakakaribishwa kaunta. Dada aliwafungulia chupa mbele yao, na hapo ndipo uso ulipohitajika. Baadhi aliwachanganyia pombe kali kweli na maji ya matunda, kwa kipimo alichopewa. Wengine aliwapa soda ya limau iliyoachwa wazi mpaka gesi ikaisha, akiimimina kutoka kwenye chupa yenye nembo ya pombe kali. Kabla hawajaingia alikuwa ameshapitisha pamba yenye pombe kwenye mdomo wa glasi, na amenyunyiza kidogo juu ya kaunta ili chumba kinuke. Wote waliambiwa wanakunywa pombe. Hata mtafiti aliyekaa nao mle ndani hakujua nani kapewa nini. Aliyejua ni dada peke yake, na ndiyo maana wakampachika jina la Mama Glasi.

Wakishakunywa walivalishwa spika za masikioni, wakasikiliza mwanaume na mwanamke waliorudi pamoja kutoka matembezini. Mwanaume anabembeleza, mwanamke anasema ngoja, baadaye anasema sitaki, baadaye anasema niache. Msikilizaji alitakiwa abonyeze kitufe pale anapoona kwamba mwanaume yule sasa imempasa aache. Ulifuata mchezo wa kushindana na mtu aliye nyuma ya ukuta, na kila ukimshinda unamtumia kelele masikioni kwa ukali unaoutaka mwenyewe. Nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu, ilikuwa ni kompyuta tu. Na muda wote kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa karibu na kengele, kazi yake kusimamisha kila kitu mambo yakianza kwenda mrama.

Dada alirudi nyumbani na visa vya kutosha mtaa mzima. Kuna aliyekunywa soda akapepesuka njiani kwenda chooni. Kuna aliyekunywa soda akamlilia mpenzi wake wa zamani, akamwomba dada ampunguzie, maana hii imezidi. Tulicheka sana na visa hivyo. Vingine alivisimulia huku anamenya viazi, bila kuniangalia. Hao ni wale waliokunywa soda, wakamsikiliza mwanamke wa kwenye spika akilia mpaka mwisho, na kidole hakikusogea.

"Kwa soda, mdogo wangu," alisema. "Soda ya limau."

Nadhani hapo ndipo lilipomwingia kichwani kwamba pombe ni kisingizio tu. Daktari aliyeongoza utafiti, mwanamama mpole mwenye miwani iliyokaa upande, alikuwa mwangalifu zaidi yake. Alimweleza kwamba pombe ina nguvu yake ya kweli, na imani kwamba umelewa nayo ina nguvu yake, na wapo watu ambao hawabadiliki kwa hiki wala kile. Ukiwaweka wengi pamoja unaanza kuona wanaelekea wapi. Mtu mmoja hakuambii kitu. Dada aliitikia kwa kichwa, akaosha glasi zake, na la maana kuliko yote likampita.

Sasa nije kwa binti yake. Ni mtoto wake wa pekee, fundi cherehani, mpole kupita kiasi, yaani mtoto ambaye ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Aliolewa na fundi friji. Mkwe huyo, lazima nikubali ingawa nakubali kwa uchungu, alikuwa na maneno matamu na mikono safi, na akija kututembelea hakai mpaka ametazama kama friji yetu inapoza vizuri. Akinywa alikuwa mwingine. Alimpiga mke wake, na akamlazimisha kitandani hali mwenzake amekataa. Haya binti hakunisimulia moja kwa moja. Aliniambia siku moja anashona, mdomo umevimba, macho yako kwenye sindano: "Mama mdogo, akilewa hata nikisema hapana hasikii."

Nilimleta kwa mama yake jioni hiyo hiyo. Mume akawa anakuja kila Jumapili, ameoga, amechomekea shati, analia sebuleni. "Mama, mimi siye. Ni pombe. Nimeacha." Na binti naye, ukimuuliza, anasema maneno yale yale. Si yeye, mama, ni pombe. Akiacha atakuwa sawa. Wiki zikapita, nikaona ameanza kukunja nguo zake na kuzipanga ndani ya begi.

Dada alichanganyikiwa. Kilichomkosesha usingizi ni kitu kimoja tu: mtoto wake asirudi kwenye nyumba ile. Nilimwambia afunge mlango, amfukuze yule bwana, basi. "Ule mdomo uliovimba haukutoshi?" nilimuuliza. Akasema binti ni mtu mzima, ukimzuia kwa nguvu atarudi kwa siri. Lazima aamini mwenyewe kwamba tatizo si chupa. Nilidhani anazungumza tu, kumbe anapanga.

Jumapili iliyofuata alipika kuku na viazi, akamwalika mkwe wake mezani kwa mara ya kwanza tangu binti arudi. Nilishangaa, ila nilishangaa zaidi alipotoa chupa. Alisema leo tunapatana, kidogo hakidhuru. Mkwe akasitasita kwa heshima, akasema aliapa kuacha, halafu akanyoosha glasi. Harufu ya pombe ilijaa sebule nzima. Mimi sikuambiwa kitu. Binti hakuambiwa kitu. Dada alituwekea sisi maji ya matunda, akamimina kwa mkono ule usiotetemeka, na uso wake ulikuwa ule wa kazini.

Glasi ya kwanza mkwe alisimulia habari za friji. Ya pili sauti ikapanda, akaanza kumwita mke wake kwa majina ya mapenzi mbele yetu. Ya tatu akamshika kiunoni, akamvuta ainuke, akasema wana mazungumzo yao chumbani. Binti akasema hapana, tuko kwa mama. Akacheka. Akamshika mkono juu ya kiwiko, ile namna ya kushika ambayo kila mwanamke anaijua, akampeleka, na tukasikia komeo likifungwa.

Nilimgeukia dada. Alikuwa amesimama karibu na meza, kitambaa cha vyombo mkononi, anatazama saa ya ukutani. Anatazama saa! Tukasikia binti akisema sitaki. Tukasikia akisema niache. Dada midomo yake ilikuwa inatikisika, kama mtu anayesubiri mwenzake wa upande wa pili apige kengele.

"Dada!" nilipiga ukelele. "Dada, una nini?"

Ndipo alipozinduka. Tuliupiga ule mlango kwa mabega, yeye na mimi, wanawake wawili wa makamo, na jirani akaja kutusaidia. Ulipofunguka binti alikuwa sakafuni kando ya kabati la kioo, nguo imechanika begani, amefunika jicho la kushoto kwa mkono, na damu inapita kati ya vidole. Alikuwa ameangukia pembe ya kabati alipokuwa anasukumana naye.

Mume alitoka akipepesuka. Naapa alikuwa anapepesuka. "Mama, nisamehe," alisema. "Ni pombe, mama, sijui hata nimefanya nini."

Dada alichukua ile chupa mezani, akapiga funda moja mbele yake, akamwekea mkononi. "Onja," alisema. "Onja bila glasi. Ni soda. Leo hujanywa pombe hata tone."

Alionja. Akatazama nembo, akaonja tena. Kupepesuka kukaisha pale pale, akasimama wima kama sisi wengine, na mimi sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yeye wakati ule. Jirani ndiye aliyemzuia mpaka polisi wakaja. Baadaye alifungwa, na sitaki kupoteza maneno zaidi juu yake.

Jicho halikupona. Madaktari walijaribu, kisha wakatuita kando wakatuambia kwa sauti ya chini. Daktari wa chuoni alikuja hospitali aliposikia, akakaa na dada kwenye benchi la korido. Sikumsikia akimlaumu. Alilia, miwani mkononi, halafu akamuuliza jambo moja tu: kama yule bwana angekunywa soda yake akatulia, akala kuku wake akaondoka, dada angefanya nini? Angemrudishia mtoto?

Nadhani dada hakuwa amelifikiria hilo kabisa. Alikuwa amechukua nusu ya kazi ya wale watu akaileta nyumbani, na ile nusu nyingine, ya mtu wa kengele na ukuta usio na mtu nyuma yake, akaiacha kule ghorofani. Safari hii nyuma ya ukuta alikuwepo mtu, na alikuwa mtoto wake wa kumzaa.

Binti alipopata nguvu ya kukaa, dada alimweleza yote. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji. Alimweleza kwa haraka, kwa namna ambayo niliiona inanitia huruma na hasira pamoja, maana ndani yake kulikuwa na furaha kidogo. Aliamini kabisa kwamba anampa mtoto wake kitu cha thamani. Kwa hiyo unaona, mwanangu, alisema. Haikuwa pombe. Ni yeye. Nilitaka ujue kwamba ni yeye.

Binti alimsikiliza mpaka akamaliza. Bandeji ilifunika nusu ya uso.

"Mama, mimi nilikuwa najua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni yeye. Alinipiga asubuhi, hajanywa hata chai. Si mara moja."



"Nilisema pombe kwa sababu nilikuwa naona haya," binti aliendelea, taratibu, kama anayemweleza mteja kwa nini nguo imechelewa. "Ningesema ni yeye, ungeniuliza kwa nini nilikaa naye siku zote hizo. Na lile begi sikulipanga kurudi kwake. Nilipata chumba karibu na kazini. Nilikuwa nasubiri mshahara tu. Mbona hukuniuliza, mama? Ungekaa na mimi siku moja ukaniuliza, ningekwambia."

Niliweka bakuli chini. Nilikuwa na hasira na dada yangu, nisifiche, hasira ya kutaka kumtikisa mabega mbele ya wagonjwa. Lakini nilipomtazama sikuona mtu wa kutikiswa. Ule uso wake mashuhuri ulikuwa umeanguka wote kwa pamoja, na chini yake alikuwa mwanamke mzee nisiyemfahamu.

Aliacha kazi chuoni mwezi uleule. Binti anaishi kwenye kile chumba chake, amejifunza upya kutunga uzi kwenye sindano kwa jicho moja, na anashona vizuri. Mimi na dada tunakwenda kumtembelea. Dada siku hizi anauliza. Anauliza tangu anapovua viatu mlangoni: umelala vizuri, umekula nini, kichwa kinauma, wateja wanakulipa, kuna mtu anakusumbua, una mawazo gani, una kitu unataka kuniambia? Anauliza huku amemshika mkono, anasubiri kila jibu, na binti anamjibu yote kwa adabu, ndiyo mama, hapana mama, niko salama mama, na hamwambii kitu.