Bernadine na Kiti cha Tisa

Bernadine Pietrzak hakuogopa theluji, wala ule upepo wa ziwani uliotukata masikio kila Desemba. Alichoogopa ni kufia ndani peke yake bila mtu kujua. Jirani yake wa ghorofa ya juu alianguka jikoni, akakutwa maiti siku ya kumi na moja. Tangu hapo hofu haikumtoka.

Dawa yake ilikuwa uwanja wa mpira. Marehemu mumewe alimwachia tiketi ya msimu, kiti cha nane. Mshabiki mwenzetu Delbert alikaa cha tisa, mimi nyuma yao. Miaka ishirini na mbili tulikula soseji pamoja na kuwatukana waamuzi kwa sauti moja. Majina ya ukoo hatukuulizana. Ya nini, na Jumapili tutaonana? Mjini kwetu Cleveland ndivyo tulivyokuwa, mtu alijulikana kwa kiti chake.

"Nikikosa mechi mbili, mje mnitafute," Bernadine alizoea kutuambia.

"Ukikosa, supu yako nakunywa mimi," Delbert alimjibu.

Novemba ya mwaka 1995 mwenye timu, ambaye jina lake silitaji nyumbani kwangu, akatangaza kwamba timu inahamia mji wa Baltimore. Wengine walilia kwa hasira. Bernadine kifuniko cha chupa ya supu kilimshinda kufungua.

"Sasa nani atajua nimekufa, Lonnie?"

"Acha hizo, bibie. Wewe utatuzika sote."

Nilijifanya jasiri tu. Na mimi naishi peke yangu.

Mechi ya mwisho pale uwanjani, mwezi Desemba, watu walikuja na misumeno wakang'oa viti ili waende navyo nyumbani. Katikati ya kelele zile Bernadine alikuwa akitazama kiti cha tisa. Kilikuwa kitupu. Mechi iliyotangulia pia kilikuwa kitupu, na sisi tukasema Delbert amesusa.

Akasimama. "Jamani, Delbert ni Delbert nani? Anakaa wapi?"

Mmoja akasema Parma. Mwingine akabisha, akasema Lorain. Tulikimbilia dirisha la tiketi. Kiti kile kiliandikishwa kwa jina la kiwanda cha chuma kilichofungwa zamani. Kwetu ni kawaida, mtu habadilishi jina asije akanyang'anywa kiti.

"Mechi mbili," Bernadine alisema. "Amekosa mechi mbili, na sisi tumekaa tunakula."

Kuanzia hapo alisoma matangazo ya vifo kila asubuhi. Jioni alinipigia simu. "Lonnie, upo?" Nami nilijibu nipo, na niseme ukweli, nilianza kuisubiri simu hiyo.

Januari alimpata Delbert mmoja gazetini. Tulikwenda mazishini, tukachungulia jeneza, hakuwa wetu. Bernadine alicheka kwa nguvu mbele ya wafiwa hadi nikaona haya.

Februari akampata mwingine, wa mtaa ambao hatukuwahi kuusikia ukitajwa. Safari hii jeneza lilikuwa limefungwa. Nilimuuliza mhudumu wa mazishi kama tunaweza kumwona.

"Haifai, mzee," alininong'oneza. "Alichelewa kupatikana. Amekufa tangu Desemba."

Bernadine alisikia. Alikaa kwenye benchi la mbele, akanishika mkono wa koti asiuachie. Padri alitazama mlangoni mara mbili kuona kama kuna wengine wanakuja, kisha akaanza ibada na sisi wawili tu.