Mkwe Arudi au Asirudi

Mtaa ule uliiita treni ya juu Mkwe, kwa sababu ilipopita watu wote walinyamaza kama mbele ya mkwe. Ilipita kwenye nguzo zake usawa wa paa za vibanda, na mwenye neno mdomoni alilishikilia mpaka behewa la mwisho lipite. Miaka kumi na tisa Fundi Uzi alishona chini ya kivuli chake, taa ikiwaka mchana kweupe. Kisha nguzo zikachakaa, kipande cha reli kilichopita mtaani kikabomolewa, na jua likaingia chumbani kwake bila hodi. Akaisogeza cherehani dirishani. Macho yake yalikuwa yameanza mgomo, lakini kwa jua lile aliweza tena kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu, na kumwita mtu ndiko alikokuwa hakutaki.

Mwaka wa tatu akaja karani na fomu ya maoni: reli ijengwe upya au isijengwe.

"Haya, bibi, Mkwe arudi au asirudi?" aliuliza karani, naye ni mzaliwa wa mtaa huohuo.

"Asirudi," alisema Fundi Uzi, mguu ungali kwenye kanyagio. "Amenitia giza humu ndani miaka nenda rudi. Tangu aondoke napumua. Andika."

Mlangoni ukadondoka mkoba. Mke wa mwanawe, mkunga katika hospitali ya upande wa pili wa mji, alikuwa amesimama pale. Siku nne alikuwa amelala kwa mwenzake wa kazini. Tena aliolewa mtaani hapo nguzo zikiwa zimeshang'olewa, wala jina la treni hakuwahi kulisikia. Kwa alivyojua yeye, mkwe wa nyumba ile ni mmoja tu.

"Ungeniambia mwenyewe, mama," alisema, "kuliko kuniandikisha serikalini."

Karani akacheka, akaona hana mwenzake, akaacha.

"Treni, mwanangu," alisema Fundi Uzi. "Nasema treni. Ndiyo tuliyoiita hivyo."

"Ilikuwa inafika wapi?"

"Hospitalini kwenu," alidakia karani. "Kituo cha mwisho. Dakika ishirini na mbili."

Mkunga akaketi juu ya rundo la vitambaa vilivyokatwa. "Mimi napanda mabasi mawili, masaa mawili na nusu. Nimekuja kukuambia, mama, nimepata chumba kulekule. Mtoto nitakwenda naye."

Fundi Uzi alinyamaza kadiri ya mabehewa sita. Mjukuu alikuwa amelala nyuma ya pazia, kidole mdomoni.

"Umeandika?" alimuuliza karani.

"Nimefika kwenye 'asi'."

"Hiyo 'asi' ikate."

"Nikate?"

"Arudi. Na andika pembeni, dirishani kwangu apite polepole."

"Ya dirisha haina nafasi kwenye fomu, bibi. Na hata wakikubali, ni miaka mitano ya ujenzi."

"Hesabu naijua. Nimefika darasa la saba na sikurudia hata moja."

Fundi Uzi akachomoa sindano kwenye cherehani, akamnyooshea pamoja na uzi mweusi.

"Nitungie," alisema. "Nianze kuzoea."

Mkunga akalowanisha ncha ya uzi, akageukia dirishani, akatunga.