Aksoloti wa Mlinzi wa Ndiva

Tumainieli wa Tae hakuwa mtu wa kutaniwa ovyo. Kwa miaka ishirini alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu. Zamu yako ikipita umelala, imekula kwako na kwa mahindi yako. Na ole wako uchovye chungu chenye masizi, au mguu, pale kwenye mdomo wa ndiva ambapo maji yanaingia kutoka msituni! Adhabu yake ilikuwa kuchimba tope peke yako kutwa nzima. Jirani yake Asheri alilichimba kwa ajili ya sufuria moja tu, na tangu siku hiyo salamu zao zikawa za kanisani tu.

Basi mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa amana ya ajabu kuliko zote zilizowahi kupanda milima ya Wapare. Mwaka wa hamsini na nne, Bi Mwalimu wa shule ya wasichana alikwenda kwao Uingereza likizo ya miezi sita, akamwachia mnyama wake wa kufugwa ndani ya beseni. Jina lake aksoloti. Mkia wa samaki, miguu minne yenye vidole kama vya mtoto mchanga, na matamvua sita ya kupumulia yamesimama nje ya kichwa, matatu kila upande, mekundu na yenye manyoya. Mdomo wake umekaa kama anayetabasamu, hata akiwa na njaa.

"Mpe nyungunyungu, leo ale, kesho apumzike," Bi Mwalimu alimwagiza. "Tumbo lisipite upana wa kichwa. Matamvua yakitanuka mekundu, ni mzima. Yakikunjamana kuelekea mbele, na ncha ya mkia ikajiviringa, ujue hana raha. Na maji yawe baridi, Tumainieli. Nimekuchagua kwa kuwa hakuna anayejua maji kama wewe."

Mkewe Dorkasi aliinama juu ya beseni akashika kiuno. "Baba Lea, yaani umeniletea mke mwenza? Tena kaja na nywele zake nyekundu!" Akadondosha punje moja ya makande. Mnyama akaivuta kinywani, akatafakari kidogo, akaitema. "Mpare gani huyu anayetema makande?" Dorkasi akacheka mpaka akakaa chini.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Kila asubuhi ya mlo Tumainieli alifukua nyungunyungu migombani, akawaosha, akawakata wale warefu. Mnyama akajifunza hatua zake. Akimsikia tu, anapanda ukingoni mwa beseni. Na mzee huyu, ambaye hakuwahi kumbembeleza hata binti yake Lea, akaanza kusema, "Umeamkaje, bwana mdogo?" Alimpenda. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hili.

Kisha likaja jua la Januari, na aksoloti akagoma kula. Matamvua yakakunjamana mbele, ncha ya mkia ikajiviringa. Tumainieli alizikumbuka dalili zote, lakini dawa alitafuta ya kwao. Kule juu, mgonjwa halazwi penye baridi. Mgonjwa anasogezwa mekoni, apate joto, anywe supu. Maji baridi ni ya mzima, akajiambia, nani amwogeshe mgonjwa maji ya baridi? Akaliweka beseni kando ya mafiga, akamtilia na vipande vya maini ya mbuzi. Siku ya tatu maini yalikuwa yananuka, na juu ya matamvua ukungu mweupe umeota kama pamba. Mnyama alielea kwa ubavu, tabasamu lile lile usoni.

Tumainieli alishikwa na hofu ambayo hakuwa ameijua tangu Lea alipougua surua. Akayamwaga maji yale, akamimina mengine yaliyotoka mferejini saa ile ile. Mnyama akajigeuza, akasogea palepale yanapomiminikia. Mlinzi wa ndiva akajipiga paji la uso. Miaka ishirini ya maji, na amempika mgeni wake!

Lakini maji ya ndani ya beseni yalipata uvuguvugu kabla ya saa nne. Palikuwa na mahali pamoja tu penye baridi mchana na usiku: mdomo wa ndiva. Alfajiri akatoboa debe, akamtia mnyama, akalifunika kwa kitambaa na kulizamisha pale, chini ya majani. Sheria aliyoivunja ilikuwa yake mwenyewe.

Siku nne ukungu ukapungua, ila mnyama hakula. Siku ya tano baragumu likalia. Ni msaragambo, kijiji kizima kinakuja kusafisha ndiva. Angeweza kulitoa debe mapema, asijue mtu. Lakini beseni lingemmaliza mnyama, naye alilijua hilo. Watu walipokusanyika, akasimama mbele yao, kofia mkononi.

"Nimevunja sheria ya maji," akasema. "Kuna mnyama mgonjwa mdomoni mwa ndiva. Nimemweka mimi."

"Maji tunayokunywa?" Mama Eliakunda akapiga kelele. Wengine wakaangua kicheko, wengine wakanuna. Mzee wa mfereji, mwamuzi wa kesi za maji, akamgeukia Asheri. "Wewe unaijua adhabu hii. Iseme."

Asheri akaenda kufunua debe. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Debe lihamie kwenye mchirizi wa kumwaga maji, ambako hakuna anayeteka," akasema hatimaye. "Na tope la pembe hii achimbe peke yake mpaka jua lizame. Mimi nitakaa nimsimamie."

Watu walipomaliza kazi yao na kuondoka, Tumainieli akabaki ndani ya tope mpaka magotini, akirusha sepetu baada ya sepetu. Asheri amekaa ukingoni kando ya debe. Tope lile lilijaa nyungunyungu wekundu, wanene, wanajinyonganyonga. Baadaye Tumainieli aliinua macho akamwona Asheri ameokota mmoja, anamwosha mchirizini taratibu, anamshusha ndani ya debe kwa vidole viwili.

Halafu Asheri akaruka wima.

"Amekula! Baba Lea, amemmeza mzimamzima!"

Tumainieli akaiachia sepetu. Akakaa palepale ndani ya tope, mzee mzima, akalia kwa sauti, wala hakuficha uso.

Asheri akamwacha alie kidogo. Kisha akainama kuokota nyungunyungu mwingine.

"Lia huku unachimba, ndugu yangu," akasema. "Huyu bado ana njaa."